Chipu Inayohesabu Kama Sisi

Simu ya baba yake ilimkuta Anyesi ameinama juu ya redio iliyofunguliwa kifua, chuma cha kuyeyushia risasi kikiwa mkononi. Ilikuwa Alhamisi, saa tisa alasiri, pale kibandani kwa fundi Lemburis, mtaa wa Sombetini mjini, na jua la Februari lilikuwa limeliganda bati kama lina kesi nalo. Mzee Sifaeli Sumari hakuwa mtu wa simu ndefu. Alisema geti la mfereji limechelewa kufunguka, miche ya Mama Hope imelala chini, na watu wa upande wa chini wanasema akina Sumari wameanza kuiba maji kwa mashine.

“Njoo nyumbani, mwanangu,” akasema, akakata.

Anyesi akachomoa waya wa chuma ukutani, akakiweka kwenye kopo lake kipoe. Fundi Lemburis alikuwa akimtazama. Kwa kawaida alimwita Injinia wa Darasa la Saba, na wateja wakacheka, na Anyesi naye akacheka kwa sababu fundi alikuwa anamtania mtu aliyemfundisha kazi kwa mikono yake mwenyewe. Siku hiyo hakumtania. Alimpa ile kompyuta kuukuu ya kibandani, iliyofungwa kwa mpira wa tairi ili kioo kisidondoke, akamwambia asirudi mpaka ajue kosa liko wapi.

Njia nzima Anyesi alikuwa na jambo moja tu kichwani. Mwezi wa majaribio ulikuwa unaisha Jumamosi. Desemba, kwenye mkutano wa mfereji, watu walipokataa kabisa habari ya geti linalojifungua lenyewe, baba yake alisimama, akavua kofia, akasema kifaa cha binti yake kikikosea hata siku moja, basi wakitoe, na yeye wamtoe kwenye kamati. Alikuwa amekaa kwenye kamati hiyo miaka kumi na tisa. Hakuna aliyemwomba aseme hivyo. Alisema tu, na katibu akaandika.

Sasa siku moja ilikuwa imefika.

Kifaa chenyewe ungekiona usingekipa heshima. Kilianzia kwenye chipu iliyokaa juu ya kibao kidogo cha saketi cha kijani, urefu wake kama kiberiti, chembamba kuliko biskuti, na bei yake haifiki bei ya jogoo. Dada mmoja aitwaye Lilian, mwanafunzi wa ualimu pale chuo cha Makumira, aliwahi kuleta vibao sita vya namna hiyo kibandani ili viunganishwe waya kwa ajili ya masomo ya sayansi. Kimoja kilikuwa na mguu uliopinda, akamwachia Anyesi. Anyesi akaunyoosha mguu ule kwa kibano, polepole, asubuhi nzima, kisha akauliza: kinafanya nini?

Lilian akamwambia hakifanyi chochote mpaka ukiambie. Kina miguu arobaini, ishirini huku na ishirini huku, na karibu kila mguu unaweza kuupa kazi. Huu uambie usikilize, ule uambie useme. Huu upime joto, ule uwashe taa. Unakiunganisha na kompyuta kwa waya ule ule wa simu, unakiandikia maagizo, unachomoa, na hata umeme ukikatika hakisahau. Ukikosea, unafuta, unaandika upya, mara elfu ukitaka, nacho hakikasiriki. Kisipokuwa na kazi kinalala, kikilala kinakula umeme kidogo mno, kisha kinaamka chenyewe pale ulipokiambia kiamke.

Hilo la mwisho ndilo lililomkaa Anyesi moyoni. Kitu kinacholala macho. Yeye mwenyewe alikuwa hivyo tangu mdogo, mtu wa kukaa kimya na kutazama, na walimu wa shule ya msingi walidhani hajui.

Maneno ya kuiandikia chipu yalikuwa ya Kiingereza, na Kiingereza chake kiliishia pale kilipoishia darasa la saba. Lakini maneno hayakuwa mengi. Alinunua daftari, akaliandika kila neno na pembeni yake kazi yake: hili ni “kama,” hili ni “rudia,” hili ni “la sivyo.” Lile la “ngoja” alilipigia mstari mara mbili. Kila Jumamosi kwa miezi minane Lilian alimfundisha, na Anyesi akamlipa kwa kumtengenezea simu za bweni zima.

Halafu akafikiria mfereji wa kwao.

Mfereji unatoka mtoni juu kabisa, karibu na msitu wa Meru, unateremka katikati ya migomba na kahawa, na pale kwenye jiwe jeupe unagawanyika. Tawi moja ni la upande wa juu, ambako ndiko kwa akina Sumari. Jingine ni la upande wa chini, kwa wakulima wa nyanya na kabichi. Maji hayatoshi pande zote kwa wakati mmoja, kwa hiyo kuna zamu, na zamu ilikuwa ikilindwa na babu Thomasi kwa filimbi. Babu alitazama kivuli cha jiwe, akapuliza, akavuta ubao. Wa juu walisema anawahi. Wa chini walisema anachelewa. Mwaka juzi watu wawili walipigana makonde ndani ya maji kwa sababu ya kivuli.

Anyesi akachukua mota ya waipa, ile ya kufutia mvua kiooni, kutoka kwenye gari lililokufa Sombetini, betri ya pikipiki, kipande cha sola, swichi mbili za kuiambia mota kwamba ubao umefika mwisho, na kisaa kidogo chenye betri ya kidonge, maana chipu yenyewe haijui saa mpaka iwe na wa kumwuliza. Vyote akavifungia ndani ya bakuli la plastiki lenye kifuniko, akaziba kwa gundi ili mvua isiingie. Siku ishirini na saba geti lilihama saa sita mchana kamili, leo juu, kesho chini. Babu Thomasi alikuja kila siku na filimbi yake shingoni, akasimama, akaondoka bila kuipuliza.

Siku ya ishirini na nane ndiyo hiyo.

Alipofika kwenye jiwe jeupe jua lilikuwa bado liko juu ya migomba. Baba yake alikuwepo, na babu Thomasi, na Mama Hope, mjane wa upande wa chini, ameshika mche wa nyanya uliolegea kama uzi wa sufu. Anyesi akawaamkia, shikamoo baba, shikamoo babu, shikamoo mama. Mama Hope aliitikia marahaba, kisha akamwekea mche ule kiganjani.

“Nimepanda mia mbili alfajiri,” akasema. “Nikijua saa mbili maji yanafika. Nimekaa shambani nayatazama hayaji. Unajua mtu anavyotazama maji hayaji?”

Anyesi akauliza kwa nini hawakulivuta geti kwa mkono, na babu Thomasi akamjibu, huku anatazama mlima, kwamba kamati ilisema mwezi mzima asiliguse mtu, na yeye ni mtu wa kufuata kauli.

Basi akafungua bakuli, akaunganisha waya, akawasha kompyuta juu ya jiwe. Chipu ilikuwa imeandika kumbukumbu ya kila mara ilipohamisha ubao. Siku ishirini na saba, mstari kwa mstari, saa sita mchana. Leo, saa nane mchana. Hakuna hitilafu. Betri nzima, swichi nzima, mota nzima.

Akachuchumaa pale, akatazama. Maji yalitakiwa saa mbili, yamekuja saa nane. Akahesabu kwa vidole kama mtoto, ingawa alikwisha jua. Sita. Si tano na nusu, si saba kasoro. Masaa sita kamili, bila dakika ya kuongeza.

Miaka mitano kibandani ilikuwa imemfundisha jambo moja kuhusu vitu vibovu: vinakosea ovyo. Redio mbovu inakwaruza leo, kesho inanyamaza, keshokutwa inaimba. Kitu kinachokosea kwa hesabu safi namna ile hakijaharibika. Kimeagizwa.

Akaingiza mkono kwenye mfuko wa sketi, akatoa karatasi aliyopewa Jumatano alipopanda kukagua kifaa. Iliandikwa na Brayson, katibu wa kamati, kijana wa kidato cha nne mwenye simu kubwa kuliko za wote mfereji mzima. Kwa kuwa watu wa chini walikuwa wanapanda, kamati ilikuwa imebadilisha zamu, na Brayson aliandika kwa mwandiko mzuri: “Alhamisi, upande wa chini waanze saa 8:00.”

Anyesi alikuwa ameisoma: saa nane. Saa nane mchana, kwa kompyuta ni kumi na nne, akaandika kumi na nne. Na Brayson alikuwa ameitazama simu yake, ambako saa mbili asubuhi inaonekana nane, akanakili kama ilivyo. Mmoja aliandika saa ya Kizungu, mwingine akasoma saa ya Kiswahili, na chipu katikati yao ikatii.

Kilichomuuma zaidi hakikuwa hicho. Jumatano ile, aliposoma ile karatasi, aliona ajabu kidogo. Watu wanapanda, mbona wanacheleweshewa maji tena? Aliona ajabu, akanyamaza. Yeye, mtu wa kutazama, alitazama na asiulize.

Walipokuwa wanapanda nyumbani alimweleza baba yake yote.

“Kwa hiyo kosa ni la kifaa?”

“Hapana, baba. Ni langu. Na nusu ni la Brayson.”

“Jumamosi sema nusu yako,” baba yake akasema. “Ya Brayson, watu wasije wakaisikia kutoka kwako.”

Jumamosi walikutana pale pale kwenye jiwe jeupe, wa juu wamesimama upande wao na wa chini upande wao, maji yakipita katikati. Brayson alisoma agenda, kisha akasema kwa masikitiko ya mtu msomi kwamba vitu vya bei rahisi ndivyo vilivyo, ndani mna hitilafu huwezi kuziona, na kama kamati ingetaka kifaa ingetafuta cha maana kutoka kwa wataalamu. Kwa hiyo, kwa mujibu wa muhtasari wa Desemba, kifaa kitolewe. Kuhusu mzee Sumari alishindwa kuendelea, akajifanya anatafuta ukurasa.

Mzee Sifaeli alikuwa amekwisha vua kofia.

Anyesi akaomba kusema. Wachache walinong’ona, maana binti hakuwa na kawaida ya kufungua mdomo mbele za watu, na hata kwenye kwaya ya kanisa aliimba sauti ya pili. Akasema kifaa kilifanya sawasawa alichokiambia. Yeye ndiye aliyekiambia vibaya, na anawaomba radhi watu wa chini, na Mama Hope kwanza. Halafu akaikunjua ile karatasi. Hakusema imeandikwa na nani. Alikata sehemu ya juu yenye tarehe na jina, akabakiza mstari mmoja tu, akautembeza mbele ya watu kama sahani ya sadaka.

“Naomba kila mtu asome kimoyomoyo,” akasema. “Halafu aniambie hapa ni saa ngapi.”

“Saa nane,” wakasema wazee.

“Saa mbili,” wakasema vijana.

Kisha mzee mmoja akamgeukia mjukuu wake akamuuliza anasoma shule gani isiyojua tarakimu nane. Mjukuu akamwonyesha simu. Mzee akasema simu hiyo ni ya Ulaya, haijui kwamba hapa jua linachomoza saa kumi na mbili. Mama mmoja wa juu akasema yeye alisoma saa nane usiku. Wakaanza kubishana, wa juu na wa juu, wa chini na wa chini, mpaka ikawa huwezi tena kusema nani yuko upande gani, na kicheko kikaanzia sehemu fulani nyuma kikaja mpaka mbele.

Brayson hakucheka. Aliitazama karatasi ile, akautambua mwandiko wake, akamtazama Anyesi, akajua kwamba angeweza kuaibishwa na hakuaibishwa. Akakohoa.

“Niliandika mimi,” akasema. “Nilinakili kwenye simu.”

Mama Hope alikuwa amekaa kwenye ukingo, miguu karibu na maji. Alisema kwa sauti ya kawaida kabisa.

“Kwa hiyo miche yangu imekufa kwa sababu saa ile ile moja ina majina mawili.”

Hapo kicheko kikaisha. Mzee Sifaeli akasogea mbele na kofia yake mkononi, akasema upande wa juu ulikunywa masaa sita yasiyo yao, kwa kujua au kutojua maji ni yale yale. Kesho Jumapili zamu ya juu inaanza baada ya ibada. Masaa sita ya kwanza wayarudishe. Na miche, kitalu chake kina ya kutosha, mama aje achague. Watu wa juu waliguna lakini hawakupinga, kwa sababu aliyesema alikuwa wa juu.

Mama Hope akafikiri.

“Hicho kidude,” akasema, akikinyooshea kidevu, “kinaelewa chochote unachokiambia?”

“Ndiyo, mama.”

“Basi kwa nini kinahesabu Kizungu? Kifundishe kuhesabu kama sisi. Ukikifundisha, kura yangu ni yako. Usipokifundisha, nitakitoa kwa jembe.”

Alisema kwa utani, na watu wakacheka tena, na kamati ikaahirisha uamuzi mpaka Jumatatu saa mbili asubuhi. Babu Thomasi akasisitiza iandikwe kwa maneno, si kwa tarakimu.

Lakini Anyesi hakusikia utani. Alisikia swali. Kwa nini, kweli?

Jumapili baada ya kutoka kanisani alikaa barazani na ile kompyuta ya fundi na bakuli la kifaa alilolitoa kwenye geti. Siku zote alikuwa anafanya kama alivyofundishwa: anachukua saa yao, anaongeza sita kichwani, anaiandika. Kila zamu, kila mabadiliko, ongeza sita, na usiku wa manane tarehe inaruka, kwa hiyo zamu moja ya usiku inakatwa vipande viwili vya siku mbili tofauti. Mistari mingi ya maagizo yake ilikuwa ya kushughulikia mkato huo tu. Lakini kile kisaa hakijui asubuhi ni nini. Hakijawahi kuona jua. Kinahesabu kuanzia pale unapokiambia anzia.

Akampigia Lilian simu. Akamwambia anataka sifuri ya kisaa iwe kuchomoza kwa jua, saa kumi na mbili asubuhi. Lilian akacheka, akasema sivyo inavyofanywa, dunia nzima siku inaanza usiku wa manane.

“Dada Lilian,” Anyesi akauliza, “chipu ina kabila?”

Lilian akasema polepole kwamba, hapana, haina. Kisha akamwambia ajaribu, na ikikubali amtumie, atawaonyesha wanafunzi wake.

Akarudisha kisaa nyuma masaa sita. Hicho tu. Saa mbili asubuhi ikawa mbili. Saa nane mchana ikawa nane. Jua likizama inafika kumi na mbili, akaiambia chipu ikivuka hapo ianze tena kwenye moja na iandike “usiku.” Na siku ikawa inabadilika alfajiri, kama inavyobadilika kwenye daftari la kamati tangu enzi za babu zao, kwa hiyo zamu ya usiku haikukatika tena. Alianza kufuta. Mistari kumi na moja ikaondoka, kisha mingine minne. Maagizo yakawa mafupi, na kila saa ndani yake aliweza kuisoma kwa Kiswahili. Akafunga kioo kidogo chenye mwanga kwenye kifuniko cha bakuli, ili mtu yeyote akipita asome mwenyewe bila kumuuliza katibu. Alikaa anaangalia, mikono mapajani. Mambo mengi alikuwa ametengeneza ya watu. Hili lilikuwa la kwake, na hakuna mahali alipolinakili.

Jumatatu watu walikuja wengi kuliko mkutanoni. Mlima ulikuwa wazi mpaka kileleni. Brayson alishika simu yake, lakini aliiweka mfukoni kabla mtu hajamwambia. Fundi Lemburis alikuwa amefunga kibanda akapanda kutoka Sombetini, jambo ambalo hakuwahi kulifanya hata kwa msiba wa jirani, akasimama nyuma amekunja mikono kama mwenye mali.

Mama Hope aliinama kwenye kioo. Hakuwa mtu wa simu wala saa ya mkononi. Alisoma kwa sauti, kidole kikifuata tarakimu.

“Moja, hamsini na tisa. Asubuhi.” Akasubiri. “Mbili. Mbili kamili, asubuhi.”

Mota ikanguruma, ubao ukateleza, maji yakasita kidogo kama yanayofikiri, kisha yakageuka yakashika njia ya chini. Watu walisimama wanayatazama yakienda, na Mama Hope akaondoka akiyafuata, hatua kwa hatua, akielekea kwenye miche yake mipya. Kura haikupigwa. Brayson aliandika kwenye daftari kwamba kifaa kinabaki na mzee Sumari anabaki, akamletea Anyesi aone alivyoandika. Saa alikuwa ameiandika kwa maneno.

Mzee mgeni kutoka mfereji wa ng’ambo ya mto alimuuliza fundi Lemburis kifaa hicho wamekitoa wapi, maana na wao wangetaka kimoja, lakini kiwe hicho hicho kinachojua Kiswahili. Lemburis akamnyooshea kidole Anyesi.

“Muulize injinia,” akasema. Hakuongeza neno la darasa.

Mzee Sifaeli alivaa kofia yake, akaiweka sawa, akaivua tena akaipangusa vumbi ambalo halikuwepo.

Ndipo filimbi ikalia. Wote wakageuka. Babu Thomasi alikuwa amesimama juu ya jiwe jeupe, mashavu yamejaa, anapuliza kwa nguvu zake zote, geti likiwa limefunguka dakika kumi zilizopita. Alipomaliza, Anyesi akamuuliza kwa adabu mbona anapuliza na maji yameshakwenda.

“Nakiitikia,” babu akasema. “Kimenisalimia kwa lugha yangu.”

Akaiachia filimbi ining’inie shingoni, akashuka kwenye jiwe, akaenda kusoma saa.